Mwalimu wa Siku Tano

Kati ya kazi zote zimwondoazo mtu nyumbani kwake na kumweka ugenini peke yake, kazi ya kufundisha ina shaka yake mahsusi. Mfanyabiashara asafiriye huchukua bidhaa, akaiuza, akarudi na fedha. Na mnunuzi aweza kuipima bidhaa ile kwa mizani, au kuigeuzageuza mkononi, kabla hajatoa senti. Tabibu aitwaye mbali humkuta mgonjwa, na dawa yake isipofaa, mwili wa mgonjwa hausemi uongo. Bali mwalimu apelekwaye mji asioujua kwa muda wa siku 5, kuwafundisha kompyuta watu asiowajua, huuza kitu ambacho mnunuzi hawezi kukipima mpaka muuzaji amekwisha kuondoka. Hapo ndipo linapozuka swali: mtu wa namna hii ana deni gani, na anayemdai ni nani?

Watu wengi hulijibu swali hili upesi. Ana mkataba, husema. Mkataba umetaja siku, saa na ujira. Akitimiza saa zake amelipa deni lake. Jibu hili si la kudharauliwa, maana dunia yenye watu watimizao saa zao ingekuwa bora kuliko hii iliyopo. Lakini ni jibu limfaalo mlinzi wa ghala. Kwa mwalimu halitoshi, na sababu yake haionekani ila kwa kumfuata mwalimu huyo safarini, na kumtazama anapokuwa hana mtu wa kumtazama.

Na awe, kwa mfano, kijana akaaye Dar es Salaam, aliyeajiriwa na kampuni ndogo ya mafunzo, naye ametumwa Songea kuwafundisha makarani 18 wa ofisi mbalimbali. Apanda basi Mbezi alfajiri. Basi lapita Morogoro, lakata mbuga ya Mikumi ambako abiria huinua shingo kuwatazama twiga, lajikokota nyuma ya malori katika mlima wa Kitonga, laiacha barabara ya Mbeya pale Makambako, kisha laingia katika baridi ya Njombe, ambayo mtu wa pwani huisikia mifupani kabla hajalikumbuka koti lake. Njia yote yazidi kilomita 900. Katika mkoba wake mna kompyuta ya mkononi, nyaya za umeme, daftari la masomo, na bahasha ya khaki. Ndani ya bahasha hiyo mna vyeti 18 vilivyokwisha kupigwa chapa, vyenye nembo na tarehe ya siku ya mwisho, vikisema kwamba mwenye jina lifuatalo amefuzu mafunzo ya kompyuta. Kilichobaki ni jina na sahihi tu. Somo halijaanza, na ushahidi wa kwamba somo limeeleweka umekwisha kuandikwa.

Bahasha hiyo iwekwe kando kwa muda, kwa kuwa mwalimu mwenyewe haifikirii. Analolifikiria jioni ile afikapo ni upweke. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, aliondoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, peke yake; naye akasimulia jinsi alivyofika Tunis, watu wa mji wakatoka kuwapokea jamaa zao na kuamkiana nao, yeye asiamkiwe na mtu kwa kuwa hapakuwa na aliyemjua; akashindwa kuyazuia machozi, hata msafiri mwenziwe akamwona, akamwendea kumliwaza. Ni jambo la kushangaza kwamba mtu aliyekuja kutembea nusu ya dunia alilia katika mji wa mwanzo mwanzo kwa sababu ya kukosa salamu. Lakini mwenye kufika stendi ya Songea usiku, akavuta mkoba wake mpaka nyumba ya wageni, akaandika jina lake katika kitabu cha mapokezi, kabila lake, atokako, aendako na shughuli yake, kisha akala wali maharage mbele ya televisheni isiyotazamwa na mtu, hataona ajabu. Asiyejulikana na mtu hujisikia kama kitu kilichosahauliwa njiani.

Kutojulikana huko kuna sura ya pili, nayo si ya huzuni. Methali husema, msafiri kafiri. Maana yake ya karibu ni kwamba aliye safarini husamehewa mengi: hatazamiwi kutimiza kila desturi, wala halaumiwi kwa kula asichokula kwao. Katika sheria ya Kiislamu msafiri hupunguza sala na huruhusiwa kufungua saumu. Lakini ruhusa hiyo ilitolewa kwa ajili ya mashaka ya njia. Haikupata kutolewa kwa amana wala kwa ushahidi. Hakuna sheria iliyosema kwamba msafiri aweza kupunguza ukweli kama apunguzavyo rakaa. Ila methali ni chombo chepesi, na kila mtu hukibeba apendako. Wengi hukibeba mpaka mahali pa anasa. Wachache, na hawa ndio wanaohusika hapa, hukibeba mpaka mahali pa kazi. Mtu ambaye kwao asingethubutu kufanya kazi nusu nusu, kwa kuwa mtaani wangesema, hujikuta katika mji ambao mtaa wake hauna la kusema juu yake. Jumamosi ataondoka. Uzuri na ubaya wake vitaondoka naye katika basi moja.

Inafaa kusema hapa kwamba upweke huu haugawanywi sawa. Mwalimu akiwa mwanamke, kutojulikana hakumpi uhuru hata kidogo. Mapokezi humwuliza yuko na nani. Mwenye duka la jirani humwuliza mumewe yuko wapi. Naye huchagua chumba kwa kutazama komeo la mlango kwanza na kitanda baadaye, akarudi kabla jua halijatua. Yeye ni mgeni asiyejulikana na wakati huo huo ni mtu atazamwaye na kila jicho. Hivyo, ikiwa mwanamume hujaribiwa na kukosa mashahidi, mwanamke huchoshwa na wingi wao, nao wote wanashuhudia mambo yasiyohusu kazi yake.

Jumatatu asubuhi mwalimu asimama mbele ya wanafunzi. Kabla hajafungua kinywa, jambo la kwanza lamtatiza, nalo ni salamu. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wake wamemzidi umri. Kwa adabu ya nchi, yeye ndiye wa kusema shikamoo, nao wa kuitikia marahaba. Na kwa adabu ya darasa, wao wamsimamie na kumwita mwalimu. Yote mawili hufanyika kwa mara moja, na hakuna anayeona kinyume ndani yake. Lakini kinyume kimo, nacho huzaa taabu baadaye, maana mkubwa hasahihishwi mbele ya wadogo, na mwanafunzi asiyesahihishwa hajifunzi.

Mstari wa nyuma ameketi karani mmoja wa miaka 57. Alianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mpiga taipu, katika nchi ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na vikwazo vyake vikaja kulegezwa polepole. Kwa hiyo si uvivu wala ukaidi uliomweka mbali na chombo hiki, ni historia. Vidole vyake 10 vyote vinajua kazi. Anapoandika, vijana huacha vibodi vyao wakamgeukia, kwa kuwa yeye hatazami herufi, naye humaliza ukurasa wao wakiwa bado wanaitafuta herufi ya kwanza. Kasoro yake ni nyingine. Kila mwisho wa mstari hubonyeza kitufe cha kushukia mstari mpya, kama alivyokuwa akiurudisha mkono wa mashine ya taipu miaka yote. Na kichwa cha barua hukisogeza katikati kwa kuhesabu nafasi moja moja. Barua yake ni nzuri mpaka aambiwe aongeze neno moja. Neno likiongezwa, mistari yote huvunjika kama ngazi iliyooza, naye huitazama kazi yake ikiharibika mbele ya macho yake bila kujua ameigusa wapi.

Tena kuna jambo la kuhifadhi, ambalo vijana huliita kusevu. Kwa mtu wa taipu, herufi ikigonga karatasi imekuwapo. Yaweza kufutwa au kuchanwa, lakini haiwezi kuwa haikuandikwa. Kompyuta humwambia jambo lisiloaminika: ya kwamba barua aliyoiandika na anayoiona kwa macho yake bado haipo, mpaka ailekeze mahali na kuipa jina. Hili si jambo dogo la kifundi. Ni dhana nyingine juu ya kuwapo kwa maandishi, na mtu aliyeishi miaka 35 katika dhana ya kwanza hawezi kuhamia ya pili kwa kuonyeshwa mara moja. Juu ya hayo, orodha za maagizo katika kioo zimeandikwa Kiingereza. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maagizo ya Kiswahili. Lakini ofisi nyingi hazikuichukua, na karani anayejua Kiswahili fasaha kuliko mwalimu wake hulazimika kukariri maneno ya kigeni kama mtoto akaririye sura asizozijua maana.

Mwalimu ana saa chache, wanafunzi 18 na kompyuta 9. Afanyeje? Afanya lifanywalo na karibu kila mwalimu wa kompyuta. Ainama juu ya bega la mzee, akashika kipanya kilichokuwa mkononi mwake, akabonyeza mara 3 upesi, na barua ikakaa sawa. Auliza, umeelewa? Mzee ajibu, nimeelewa, mwalimu.

Jibu hilo lastahili kutazamwa. Mwenye kulitamka hadanganyi kwa nia ya kudanganya. Anatoa heshima. Ameona ya kuwa mgeni ana haraka, ya kuwa vijana wanatazama, ya kuwa kusema sikuelewa ni kumwambia aliyekuja kutoka mbali kwamba amefundisha vibaya. Na adabu aliyolelewa nayo yamkataza kumwaibisha mgeni. Neno nimeelewa hapo ni mkeka uliotandikwa ili mtu aketi. Mwalimu mwenyeji wa mji angejua, maana angemkuta mzee yule siku ya pili sokoni, na ya tatu msibani, na hatimaye ukweli ungepita katikati ya mazungumzo mengine. Mwalimu mpitaji hana soko wala msiba wa kukutana naye. Analo jibu tu, nalo ni zuri, naye hulichukua. Na ule mkono uliokinyakua kipanya, ijapokuwa ulitoka kwa nia ya kusaidia, umemnyang'anya mwanafunzi kitu kimoja alichokuwa amekuja kukitafuta, yaani nafasi ya kukosea mbele ya mtu ajuaye.

Jumatano, saa 5 asubuhi, umeme wakatika. Mji wa Songea ulikuwa ukipata umeme wa jenereta za dizeli mpaka ulipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, na tangu hapo hali imekuwa bora. Lakini gridi nayo ni kazi ya binadamu. Vioo 9 vyazimika pamoja. Waliohifadhi wamehifadhi, na wasiohifadhi wamepotewa na asubuhi nzima. Katika dakika ile darasa lajifunza maana ya kuhifadhi kuliko lilivyojifunza katika siku mbili za maelezo, na mzee wa nyuma, ambaye barua yake ya kurasa 2 imetoweka, asema kwa sauti ya chini, kumbe haikuwapo. Huyo sasa ameelewa, na hakuulizwa. Mwalimu hakufanya lolote isipokuwa kukosa umeme. Wafundishaji wengi wangefaidika kama wangezipima juhudi zao kwa mizani ya tukio hilo.

Methali nyingine husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huchukuliwa kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu, lakini yaweza kusomwa kwa ukarimu zaidi: siku ya tatu mgeni hukabidhiwa sehemu ya shamba, akawa na haki ya kuulizwa habari za mavuno. Mwalimu wa siku 5 ni mgeni wa ajabu, kwani huja na jembe lake mwenyewe, akalima tangu siku ya kwanza, akapanda, kisha akaondoka kabla ya palizi. Na wakulima wa Ruvuma, ambao mahindi yao hulisha mikoa mingi, hawahitaji kuambiwa kwamba mahindi hayafi siku ya kupandwa. Hufa katika majuma yanayofuata, magugu yanapoyazidi, na aliyepanda yu mbali akisema kwamba alipanda vizuri.

Haikuwa hivyo siku zote. Waalimu walioandamana na misafara ya karne ya 19 kwenda Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa Tanganyika walikuwa wageni vile vile, lakini wengi wao waliposhusha mizigo walioa, wakajenga, wakafungua chuo cha watoto, wakazikwa huko. Elimu yao, iwe nyingi au haba, ilikuwa na kaburi la mwalimu karibu, na wajukuu wa kuulizwa. Baadaye sana, Tanzania ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kazi ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika haikuachiwa wapitaji. Mwingi wa mzigo ule ulibebwa na walimu wa kujitolea waliokaa katika vijiji vile vile, ambao usiku walifundisha chini ya karabai na mchana walichota maji kisima kimoja na wanafunzi wao. Hesabu ya watu wazima wasiojua kusoma, iliyokuwa yapata asilimia 67 mwaka 1967, ilihesabiwa kuwa asilimia 27 mwaka 1977. Mtu aweza kubishana juu ya namna hesabu hizo zilivyopatikana, na wako waliobishana. Lakini mwalimu wa kijiji hakuweza kutia sahihi kwamba jirani yake amejua kusoma, kisha akaenda zake. Kesho yake jirani angemletea barua na kumwomba amsomee, naye angejikuta anausoma uongo wake mwenyewe.

Wayunani wa kale nao waliwajua walimu wapitao. Waliwaita masofisti, nao walizunguka mji kwa mji wakifundisha kwa ujira. Katika maongezi ya Plato yaliyopewa jina la Protagoras, mmoja wa mashuhuri wao, Socrates amwonya kijana mwenye pupa ya kujifunza kwamba mwalimu wa namna ile ni kama mchuuzi wa vyakula, ila chakula chake ni cha nafsi. Chakula cha tumbo, asema, hutiwa chomboni, kikachukuliwa nyumbani, na ajuaye akaitwa kukitazama kabla hakijaliwa. Elimu haina chombo. Mnunuzi hurudi nayo ikiwa imekwisha kuingia ndani yake, imemnufaisha au imemdhuru. Hoja hii ni kali na ya haki. Walakini katika kitabu hicho hicho Protagoras naye ana jambo la kujitetea, ambalo wasomaji wengi hulipita. Asema kwamba mwanafunzi wake akimaliza, akitaka hulipa ada iliyotajwa. Asipotaka, huingia hekaluni, akaapa kiasi anachoona elimu ile imemfaa, akatoa kiasi hicho tu. Labda alijivuna. Lakini aliliona tatizo lilipo, ya kwamba mahali pasipo mizani panahitaji kiapo.

Siku hizi mahali pa hekalu pamekaliwa na karatasi moja iitwayo fomu ya tathmini. Ijumaa alasiri kila mwanafunzi hupewa yake, ajaze: mwalimu alikuwa hodari kiasi gani, somo lilieleweka kiasi gani. Wote 18 huweka alama penye vizuri sana. Wafanyeje tena? Mwalimu alikuwa mpole, ametoka mbali, na vyeti vingali mkononi mwake. Saa hiyo hiyo, upande wa pili wa meza, mwalimu huvitoa vyeti katika bahasha na kuandika kwamba wote 18 wamefuzu. Hivyo ushahidi wabadilishwa kwa ushahidi, kama watu wawili walipanapo kwa noti ambazo kila mmoja amejichapia. Hakuna aliyekusudia ubaya. Pande zote mbili zimetenda kwa huruma na adabu. Naye mlipaji, aliyeko mbali, huzipokea karatasi zote mbili, akaona zimekubaliana, akaridhika. Mambo mengi yaitwayo maendeleo yameandikwa kwa namna hii, na hasara yake huonekana miaka kadhaa baadaye, katika ofisi ambayo kompyuta zimefunikwa vitambaa na barua zapelekwa kuchapwa kwenye kibanda cha mtaani.

Neno shahada, ambalo zamani lilitumika kwa vyeti vya namna nyingi na sasa hutumika zaidi kwa vile vya vyuo vikuu, ni ndugu wa neno shahidi. Lugha imekumbuka jambo ambalo ofisi zimelisahau: atiaye sahihi katika cheti hatoi zawadi, bali anashuhudia. Na shahidi huyu ana hali mbaya kuliko shahidi wa barazani, kwa sababu yuko peke yake. Hakuna wa pili wa kumpinga wala wa kumuunga mkono.

Turudi basi kwa kijana wetu, usiku wa Alhamisi, chumbani mwake, na vyeti 18 juu ya kitanda. Amesoma majina. Wanafunzi 17 watapita, wengine kwa shida. Yule mzee bado. Anaandika, anahifadhi, na tangu Jumatano hasahau kuhifadhi. Lakini jedwali la hesabu halijui, na mafunzo haya yaliitishwa hasa kwa ajili ya jedwali la hesabu. Wakati wa chai mmoja wa vijana alimnong'oneza mwalimu ya kwamba asiyerudi na cheti huenda akaondolewa mezani na kupelekwa masjala, au akashauriwa kuomba kustaafu mapema. Mzee mwenyewe hakulitaja. Amebakiza miaka 3 kuifikia 60.

Hoja za huruma ni nyingi, na mwenye kuzicheka hajapata kuketi juu ya kitanda kile. Ya kwanza, kosa si la mzee. Wakubwa ndio waliodhani kwamba miaka 35 ya mkono yaweza kugeuzwa kwa siku 5. Ya pili, cheti hiki hakimpi mtu ruhusa ya kuendesha basi wala kupasua tumbo. Asiyejua jedwali hataua mtu. Ya tatu, miongoni mwa wale 17 wamo wawili watakaosahau yote ndani ya mwezi, nao watatiwa sahihi bila swali. Kwa nini ukweli uanze kumdai aliye dhaifu? Hoja hii ya tatu ndiyo ngumu, na haina jibu kamili. Ukweli unaodaiwa kwa mmoja tu hufanana sana na uonevu.

Hata hivyo huruma hiyo ina kasoro iliyojificha, nayo ni kwamba haimgharimu mwenye kuitoa kitu chochote. Wino wa sahihi ni bei gani? Mwalimu atapanda basi akijiona mwema, na mzee atakabidhiwa jedwali siku ya Jumatatu, mbele ya mkubwa wake, akiwa na karatasi isemayo kwamba anajua. Kabla ya cheti alikuwa na haki ya kuuliza. Baada ya cheti, kila swali atakaloliuliza litakuwa ushahidi dhidi yake. Mwalimu atakuwa amemziba mdomo kwa zawadi. Naye hatauona uso wa mzee yule siku hiyo, na hilo la kutouona ndilo linaloifanya sahihi iwe nyepesi. Pengine kipimo cha kufaa kwa mtu afanyaye kazi ugenini ni kujiuliza kama angelitenda tendo hilo iwapo angelazimika kukaa katika mji ule mwaka mzima. Si kipimo cha mambo yote, lakini kwa sahihi kinatosha.

Ijumaa mwalimu atia sahihi vyeti 17. Kisha amwita mzee kando, amwambia kweli kwa maneno machache, na kumwuliza kama yuko tayari kurudi kesho. Basi la Jumamosi laondoka bila ya msafiri mmoja, na chumba cha usiku wa ziada chalipwa kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Kwa muda wa saa 6 mzee aketi mbele ya kompyuta, na kando yake aketi binti mmoja wa ofisi yake, aliyekuwa miongoni mwa wale 17. Mwalimu hakai mbele. Asimama nyuma yao, mikono ameifunga mgongoni, na binti ndiye aelezaye. Mara mbili mkono wa mwalimu wataka kufunguka uende kwenye kipanya, na mara mbili aurudisha. Binti hakosi kukosea. Lakini makosa yake yatabaki Songea pamoja naye, na siku ya kuyasahihisha atakuwapo.

Je, siku ile ya ziada ilikuwa wajibu au hisani? Wanaopenda mipaka iliyo wazi watasema hisani, kwa kuwa mkataba uliishia Ijumaa, na hakuna mtu awezaye kulazimishwa kutoa usiku wake na fedha zake. Lakini hisani ni kitu ambacho mtu akiacha kukifanya halaumiwi, na hapa mwalimu alikuwa na njia mbili tu nyingine, yaani kusema uongo, au kusema kweli na kumwacha mzee ndani yake peke yake. Ukweli mwingine huja na gharama zake, na asemaye hawezi kuuacha mlangoni kama barua ya posta. Upande wa pili, fundisho hili haliwezi kufanywa kanuni. Juma linalofuata kuna mji mwingine, na mstari wa nyuma kuna mzee mwingine. Mwalimu atoaye Jumamosi zake zote hatadumu miaka miwili, na nyumbani kwake pia kuna watu wanaomdai. Waliopanga siku 5 ndio waliokopa, na ni aibu kwamba deni hulipwa na aliye chini kabisa. Lakini deni halingoji mpaka mdaiwa wa haki apatikane.

Jioni ile mwalimu aandika, badala ya cheti, barua fupi kwa mkubwa wa mzee. Yasema kwamba mwenye barua hii aweza kufungua, kuandika, kupanga, kuhifadhi, kutafuta na kuchapa barua upesi kuliko mwenzake yeyote darasani. Ameanza jedwali la hesabu, lakini hawezi kulitumia bila msaada. Mzee aisoma mara mbili, polepole, kama asomavyo mtu aliyekagua barua za wengine maisha yake yote. Kisha aomba neno moja libadilishwe. Pale palipoandikwa hawezi, paandikwe hajaweza. Mwalimu akubali, akaketi kuandika upya. Na mzee amwambia asijisumbue, akavuta kibodi, akasahihisha mwenyewe, na mstari haukuvunjika.

Jumatatu, Dar es Salaam, kampuni yahesabu mali yake. Vilikwenda vyeti 18, kimerudi kimoja kikiwa kitupu. Fomu ya ripoti ina safu ya idadi ya waliofundishwa na safu ya idadi ya waliofuzu, nazo hutarajiwa kulingana. Safu ya kueleza sababu haimo, na mwalimu ameambiwa aitafutie nafasi pembeni.